Nani Mwenye Kauli Chomboni? Uchambuzi wa Kisa cha Familia Moja Katika Ghuba ya Menai

Kisa ninachokichambua hapa hakina maiti wala chombo kilichozama, na ndiyo sababu hakikuripotiwa popote. Familia moja ya Unguja ilitoka Jumapili moja ya mwezi wa Julai kwenda kuvua kwa mshipi na kula chakula cha mchana visiwani. Wakiwa wametia nanga karibu na Pungume boti yao iliingia maji mpaka juu ya vifundo vya miguu, na jioni wote tisa walikuwa nyumbani salama. Nimekisikia kutoka kwa nahodha, kwa ami yake ambaye ndiye mwenye boti, na kwa binti wa huyo ami, kila mmoja kwa wakati wake, nao wameniruhusu nikiandike bila ya majina. Nimekichagua kwa sababu makosa yaliyotendeka siku ile hayakutokana na kutoijua bahari. Ndani ya boti walikuwamo watu wawili wanaoifahamu ghuba ile kuliko wengi wetu, na bado maji yaliingia.

Ghuba ya Menai iko kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja, baina ya Fumba na Kizimkazi, na ndani yake mna visiwa vidogo kama Kwale, Miwi, Sume na Pungume. Tangu mwaka 1997 ni eneo la hifadhi ya bahari. Kwa mtu anayetoka na watoto, jambo la kwanza la kulitia akilini ni kwamba mdomo wa ghuba umeelekea kusini, na kwa hivyo katika miezi ya kusi, yaani upepo utokao kusini, upepo na mawimbi huingia bila ya kizuizi isipokuwa visiwa vyenyewe. Julai ni katikati ya msimu huo. Watu wa Unguja hawajaisahau Julai 18 ya mwaka 2012, ilipozama meli ya abiria MV Skagit karibu na Chumbe, si mbali na ghuba hii, na ile haikuwa boti ya mbao ya wavuvi. Asubuhi mapema kusi kwa kawaida huwa mpole, kisha hupata nguvu kadiri jua linavyopanda, na mvuvi wa mshipi anayejua kazi yake huwa ameshavua sehemu kubwa ya kitoweo chake kabla ya saa tatu.

Upepo lakini ulikuwa nusu tu ya habari. Siku ile ilikuwa ya pili baada ya mwezi mpevu, yaani bamvua lenyewe, na kwa bahari ya Unguja bamvua kubwa lina maana ya tofauti ya karibu mita 4 baina ya maji yaliyojaa na maji yaliyokupwa. Maji yalijaa mnamo saa kumi na moja alfajiri na yalikuwa yapwe kabisa mnamo saa tano asubuhi. Tena maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huondoka kidogo, saa ya tatu na ya nne huondoka kwa kasi, takribani robo ya tofauti yote kwa kila saa, halafu mwendo hupungua tena. Robo ya mita 4 ni mita nzima ndani ya saa moja. Maji yote hayo hutoka ghubani kuelekea kusini, yaani yanakwenda kukabiliana na upepo, na mkondo unaokutana na upepo uso kwa uso husimamisha mawimbi yakawa mafupi na ya wima hata pale ambapo upepo wenyewe si mkali. Isitoshe, pwani waliyoondokea ni pana na ina kina kifupi: maji yakishakupwa, chombo hupwelewa mbali na ufukwe, na siku ya bamvua hakuna kurudi mpaka mnamo saa nane mchana.

Boti yao ni ya mbao, ya futi 22, yenye mashine ya nguvu ya farasi 15 iliyofungwa nyuma. Mwenye boti ni mzee aliyepita miaka 65, mvuvi tangu utotoni, ambaye miaka ya karibuni haendi tena baharini kila siku. Nahodha ni mtoto wa ndugu yake, kijana wa miaka 27 anayeitumia boti hiyo kuvua na kuwapatia watu wawili riziki, yeye na mwenzake. Siku ile mwenzake alikuwamo. Walikuwamo pia mke wa mzee, binti yake aliyekuja likizo kutoka Muscat pamoja na mumewe, na watoto wao watatu, mkubwa ana miaka 12 na mdogo ana 5. Watoto hao wamezaliwa na kukulia Muscat na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameshapanda chombo cha wazi. Safari yenyewe ilifanywa kwa ajili yao, kwa sababu babu yao alitaka wajionee alikotafuta riziki iliyomsomesha mama yao. Naliheshimu sana kusudio hilo, na msomaji alikumbuke anaposoma yafuatayo, kwa maana ndilo lililomfanya mzee akatae kuishia karibu.

Nahodha alikuwa na mpango mzuri. Alitaka waondoke saa kumi na mbili, maji yangali mengi, wavue kando ya Kwale upande usiopigwa na kusi, na kama watoto watachoka warudi kabla ya pwani kukauka. La hawakuchoka, wangebaki kwenye fungu la mchanga la Kwale, wale, wacheze, na wangojee maji ya alasiri. Waliondoka saa moja na nusu. Pilau lilichelewa, mtoto mdogo alikuwa amelala, jirani alikuja kuaga na akakaa. Mambo hayo ni ya kawaida katika kila nyumba yenye wageni, na simlaumu yeyote kwa hayo. Linalonishughulisha ni kwamba mpango ulicheleweshwa bila ya kubadilishwa. Saa moja na nusu ilikuwa ni saa ya tatu ya maji kupwa, pale mkondo unapokuwa na nguvu zake zote, na uwezekano wa kurudi mapema ulikuwa umeshakufa. Aliyelijua hilo ni nahodha peke yake, naye hakulisema kwa sauti. Aliniambia kwamba aliona si adabu kuwatia hofu wageni kabla ya kuingia chomboni.

Mkwe alikuwa ametazama utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na kukuta hapakuwa na tahadhari yoyote kwa siku ile, na jambo hilo liliwatuliza. Hapa pana kosa ninaloliona mara nyingi. Tahadhari za mamlaka hiyo kwa kawaida hutolewa pale upepo unapotarajiwa kuzidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi kuzidi mita 2. Kipimo hicho ni cha haki kwa umma mzima, lakini boti iliyopakia watu tisa, masufuria na ndoo, na ambayo ubavu wake umebakia nusu mita tu juu ya maji, haihitaji wimbi la mita 2 kuingiwa na maji. Wimbi la mita moja, likiwa la wima na likija upande usiofaa, linatosha. Kutokuwapo kwa tahadhari kunamwambia nahodha kwamba siku si ya hatari kwa kila mtu. Bado inambidi ajiulize kama siku hiyo ni salama kwa chombo chake na kwa watu aliowabeba.

Walipofika Kwale, bahari ya nje ilikuwa inaonyesha weupe hapa na pale. Nahodha alipunguza mashine akasema, “Ami, nje kumeshaanza kuchafuka. Tuishie hapa, changu wapo.” Mzee akamjibu kwa upole, “Mwanangu, hapa watoto watavua nini? Twende Pungume, bahari hii naijua tangu hujazaliwa.” Binti anakumbuka kwamba babu aliyasema hayo huku akiwatazama wajukuu, na kwamba nahodha hakujibu kitu. Aliongeza mashine. Kwa maoni yangu, sekunde hizo chache ndizo zilizoamua mambo yote yaliyofuata.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nimejaribu kukisoma kisa hiki kwa methali hiyo na nimeona haikikai sawasawa. Hapakuwa na manahodha wawili wanaovutana juu ya usukani. Laiti wangevutana, huenda sababu zingetajwa, mkondo ungetajwa, saa ingetajwa. Palikuwa na nahodha mmoja aliyenyamaza. Kijana yule akiwa kazini na mwenzake hukata shauri bila ya kusita, na amewahi kuwarudisha pwani watu waliomlipa nauli kwa sababu ya wingu tu. Lakini pale mbele yake alikuwa amekaa ami yake, mwenye boti, aliyemfundisha kufunga ndoana. Kumpinga mara ya pili, mbele ya mke wake, mkwe wake na wajukuu, kungekuwa ni kumvunjia heshima, na kijana aliyelelewa vizuri hafanyi hivyo. Naye mzee, kwa upande wake, hakujua kwamba ametoa amri. Aliponieleza alisisitiza kwamba alitoa rai tu, na kwamba kijana angesema “haiwezekani” basi angelikubali. Namwamini. Lakini rai ya mkubwa katika familia zetu husikika kama amri hata pale mwenyewe asipokusudia.

Pungume walitia nanga kandokando ya mwamba. Kwa desturi nanga ya boti ndogo hufungwa omo, yaani mbele, ili chombo kielekeze mbele yake kwenye mawimbi. Siku ile omo walikaa watoto na vyombo vya chakula, na mzee akasema wasisumbuliwe, kamba ifungwe tezi, yaani nyuma. Kwa karibu saa nzima hapakuonekana ubaya wowote, na sababu yake inastahili kuelezwa kwa urefu kwa kuwa ndiyo iliyowahadaa. Mkondo wa maji kupwa, uliokuwa ungali na nguvu, uliisukuma boti kuelekea kusini mwa nanga, na kwa kuwa kamba ilifungwa nyuma, tezi ilielekea kaskazini kwenye mkondo na omo ikawa inayatazama mawimbi. Boti ilikaa kana kwamba imefungwa sawasawa. Mnamo saa nne mkondo ulianza kulegea, kwa sababu maji yalikuwa yanakaribia kumaliza kupwa, na wakati huohuo kusi ulikuwa unazidi. Upepo ukaushinda mkondo. Taratibu, pasina mtu kuona jambo la kushtua, boti iligeuka, na sasa tezi, penye mashine nzito na ubao uliokatwa chini ili kuipokea, ndiyo ikawa inayakabili mawimbi.

Nahodha aliona. Alikuwa ameanza kumwambia mwenzake wahamishe kamba pale mtoto wa miaka 12 alipopandisha samaki, tasi wa kiasi cha kiganja, akamshika kwa furaha ili amtoe kwenye ndoana. Miba ya tasi ina sumu. Haiui mtu, lakini maumivu yake ni makali na huja papo hapo, na mtoto alipiga ukelele ambao mama yake anasema hajapata kuusikia. Mama aliinuka, bibi akainuka, baba akaruka kutoka upande wa pili. Watu wazima watatu wakawa wamesimama upande mmoja pamoja na mtoto, ubavu ukainama, na wimbi lililofika wakati huo likaingia kwa pembe ya tezi. La pili likaingia kwa urahisi zaidi, kwa kuwa boti ilikuwa imeshakuwa nzito. Mashine ikazimika.

Sauti iliyowakalisha chini haikuwa ya nahodha. Yeye alipiga kelele “kaeni!” na hakuna aliyemsikia. Mzee ndiye aliyesema, bila ya kupaza sana, “Kaeni chini kila mtu alipo. Msikilizeni nahodha.” Wakakaa. Nahodha akaikata kamba ya nanga kwa kisu badala ya kuhangaika kuifungua, akashika kasia na kuigeuza omo kwenye upepo, huku mwenzake na mkwe wakifua maji kwa ndoo ya samaki na kwa sufuria. Mashine iliwaka baada ya kuvutwa mara kadhaa. Nanga na kamba vilibaki chini, na sijui mvuvi atakayemlaumu mtu kwa hasara hiyo.

Nimeyasimulia maneno ya mzee kwa makusudi, maana wapo watakaokisoma kisa hiki na kuhitimisha kwamba dawa ni kuwaacha wazee nyumbani, au kuwafundisha vijana kuwapuuza. Kauli ileile iliyowapeleka Pungume ndiyo iliyowarudisha watu kwenye viti vyao ndani ya sekunde mbili, jambo ambalo nahodha kwa cheo chake peke yake hakuliweza. Heshima ya mzee ni nguvu iliyomo chomboni kama ilivyo mashine. Kilichoharibika ni wakati wake. Alimkabidhi nahodha uongozi maji yalipokwisha kuingia, ilhali angeweza kumkabidhi wakiwa ufukweni, mbele ya watu walewale, bila ya kupungukiwa na chochote.

Baada ya hapo kijana aliendesha mambo vizuri sana. Mkwe alitaka warudi nyumbani moja kwa moja, na mtu yeyote mwenye mtoto anayelia angetaka hivyo. Nahodha alikataa, na safari hii alitoa sababu: ilikuwa saa nne na nusu, pwani ilikuwa kavu, na wangefika ukingoni mwa maji machache wakiwa na mawimbi mgongoni na pasi na mahali pa kuingia. Aliwapeleka nyuma ya Kwale, kwenye maji yaliyotulia, wakashuka mchangani. Huko walingojea maji yageuke. Mkondo wa maji kujaa huingia ghubani pamoja na kusi, si kwa kumkabili, kwa hivyo ingawa upepo wa mchana una nguvu zaidi, mawimbi hulala na kurefuka, na chombo husukumwa kwenda nyumbani. Waliondoka Kwale baada ya saa saba wakafika saa nane na nusu, boti ikiwa kavu. Kungojea kule kwa saa mbili na zaidi, huku wageni wakinung’unika, nakuhesabu kuwa ndiko kulikoonyesha unahodha wake zaidi hata kuliko kukata kamba.

Mkono wa mtoto pia ulishughulikiwa inavyostahili. Bibi alikuwa na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto. Aliyachanganya na maji ya bahari kwenye bakuli mpaka yakawa ya moto unaostahimilika, baada ya kuyajaribu kwa mkono wake mwenyewe, akauzamisha mkono wa mjukuu humo na kuyaongeza kila yalipopoa. Hivyo ndivyo inavyoshauriwa kwa miba ya samaki wa aina hiyo: joto la takribani nyuzi 45 za Selsiasi, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Mtoto alinyamaza kabla ya nusu saa kwisha. Ingefaa zaidi angelionywa kabla ya kupewa mshipi, kwa kuwa watoto wa pwani wanaijua miba ya tasi tangu wadogo na watu wazima walisahau kwamba hawa hawakukulia pwani.

Kuhusu jaketi okozi nitasema maneno machache makali. Zilikuwamo nne, zote za watu wazima, zimesukumwa chini ya ubao wa omo na juu yake zikalundikwa kamba na mfuko wa mchele. Hakuna mkono uliozifikia. Hata zingefikiwa, mtoto wa miaka 5 akivishwa jaketi ya mtu mzima hutoka ndani yake mara tu anapoingia majini, kwa hiyo kwa watoto wale watatu boti haikuwa na jaketi hata moja. Hakuna kusi wala bamvua linaloweza kusingiziwa hapa, na wala si suala la heshima kwa mzee. Jaketi ya mtoto hununuliwa kabla ya safari na huvaliwa tangu ufukweni mpaka ufukweni, na mtoto akilia kwa joto huachwa alie.

Binti na watoto wamesharudi Muscat. Familia iliyobaki ilitoka tena mwezi wa Novemba, wakati wa matlai, yaani upepo wa mashariki, nao walichagua siku ya maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa haifiki hata nusu ya ile ya bamvua na maji hujaa kati ya asubuhi na adhuhuri, hata pwani haikuwa ya kuwafungia mlango. Mzee alisimama mchangani kabla ya mtu yeyote kupanda, akawaambia waliokuwapo kwamba leo atakalosema nahodha ni kama amelisema yeye, na asiyelitaka abaki. Alisema pia, na hili ni wazo lake mwenyewe, kwamba nahodha akitaka kurudi asiulizwe sababu chomboni. Ataulizwa nyumbani, baada ya kula. Waliishia Kwale. Mzee angali anashikilia kwamba Pungume Julai inafikika kwa boti ile, na nahodha anasema inafikika kwa watu wawili wanaojua kufua maji, si kwa bibi na wajukuu. Mimi niko pamoja na nahodha. Safari hiyo pia jirani mmoja alibaki na nambari ya simu ya boti na maagizo kwamba ikipita saa nane hawajaonekana apige simu hiyo kwanza, na isipopokewa awaarifu KMKM, kikosi cha ulinzi wa bahari cha Zanzibar, bila ya kungoja. Siku ile ya Julai hakuna mtu pwani aliyejua wameelekea kisiwa gani.